Nguo Mbichi Siku ya Alhamisi

Juzi nilimpelekea fundi baiskeli ya mwanangu hapa Voi, nikakaa kwenye kibao kumsubiri azibe pancha. Alipofungua solusheni, ile gundi ya mpira, na kuipaka kwenye tyubu, harufu yake ikanipanda puani na machozi yakanilengalenga. Fundi alidhani ni ukali wa ile dawa, akanisogezea kibao upande wa upepo, nami nikamwacha adhani hivyo. Harufu hiyo ya mpira na solusheni ndiyo aliyokuwa akirudi nayo baba yangu kila Alhamisi, mwaka niliokuwa darasa la tano, na ndiyo iliyonifanya nimwone baba yangu mzazi kuwa mwizi.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua fungu la nyanya, nazigeuza zote nione za chini zikoje. Mume wangu hunitania kwamba idara ya upelelezi ilikosa mtu. Lakini tabia hii sikujifunza peke yangu. Kijiji chetu kizima cha Mboghoni tulikuwa hivyo. Wazee wetu walishuka kutoka milima ya Taita kuja kulima bondeni, kwenye ardhi ambayo kila baada ya muda hutokea mtu mwenye karatasi akidai ni yake. Kwa hiyo mgeni akionekana anapima kitu, hata kama anapima mlango wa duka, watu walisimama wakamtazama hadi amalize.

Basi wakaja watu wa Kwa Mipira. Hilo si jina lao. Kibao chao kilikuwa na maneno marefu ya Kiingereza kuhusu mto na milima na ujasiri, lakini sisi tuliona mitumbwi yao ya mpira inayojazwa upepo kwa pampu ya mguu, tukawapa jina tulilolitaka. Walikodi kipande cha ardhi ng'ambo ya mto Lumi, wakajenga vibanda vya nyasi, wakaleta mitumbwi sita na baiskeli kumi na mbili zenye matairi manene. Jumamosi magari yalifika na wazungu na watoto wa shule za Nairobi. Asubuhi waliteremka mtoni wakipiga mayowe, na jua likipungua makali walipanda baiskeli kuelekea vilimani, kisha wakarudi mikono mitupu, wamechubuka magoti, wakicheka.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema wanatafuta mawe ya thamani chini ya mto, kwa sababu kwetu mawe hayo huchimbwa na kila mtu ana mjomba aliyewahi kukaribia kutajirika. Wengine walisema ni rupia za Wajerumani zilizozikwa wakati wa vita. Lakini kilichowaponza kabisa ni zile baiskeli, kwani hazikuwa na keria. Kwetu baiskeli ilinunuliwa kwa ajili ya keria. Hapo ndipo zilipokaa mikungu ya ndizi, madebe ya maji, mama mjamzito na hata jeneza. Mtu mzima anayepanda kilima akitokwa jasho kwa baiskeli isiyoweza kubeba chochote, ana jambo lingine analolifuata huko juu. Mama yangu alizitazama siku moja zikipita, akasema ziko uchi.

Kisha likaja suala la maji, na hapo mzaha ukaisha. Mashamba yetu yalinyweshwa na mfereji uliokatwa kutoka mtoni, na kwenye kinywa cha mfereji kulikuwa na mlango wa mbao wenye kufuli. Ufunguo alikuwa nao baba yangu. Wakulima walimchagua awe mgawa maji, na alijua zamu ya kila shamba kama mwalimu ajuavyo majina ya darasa lake. Meneja wa Kwa Mipira, kijana nadhifu wa Nairobi, alikuja kwenye kamati ya mfereji kuomba mlango ufungwe kila Jumamosi hadi saa sita, ili mto ujae na mitumbwi isikwame kwenye mawe. Baba ndiye aliyesimama kumjibu. Alisema mahindi yanakunywa kwanza, michezo itasubiri. Watu walimpigia makofi na mimi, niliyekuwa nikichungulia nje na watoto wenzangu, nilijiona mrefu kuliko wote.

Watu walimwita Baba Mghanga, jina la kaka yangu wa kwanza. Mghanga simkumbuki. Nilikuwa na miaka mitatu alipoteleza pale kwenye mlango wa mfereji akachukuliwa na maji, naye alikuwa na miaka saba. Nilijua kisa hicho kama walivyokijua wote: siku hiyo baba alikuwa amekwenda Mahoo kununua miche ya michungwa, mtoto akamfuata bila kuonekana, akafika mlangoni peke yake. Baba alirudi jioni na miche yake kichwani akakuta watu wamejaa uani. Miche hiyo ilipandwa nyuma ya jiko, na nilipokuwa darasa la tano ilikuwa imeshazaa. Mama hakuwahi kula chungwa hata moja, na sikumuuliza kwa nini.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu asiyelima kwa mfereji anaweza asilione. Kwetu mwizi wa maji hakushikwa na maji mkononi. Alishikwa na suruali. Kufungulia maji shambani kwako lazima uingie mferejini, uzibe kwa udongo na magogo ya mgomba upande mmoja, ufungue upande mwingine, na ukitoka hapo umelowa hadi mapajani. Kwa hiyo mtu aliyeonekana na nguo mbichi siku isiyo zamu yake hakuwa na haja ya kuulizwa mengi. Na Alhamisi haikuwa zamu ya mtu yeyote. Siku hiyo mlango ulifungwa kutwa nzima ili mto uwafikie watu wa chini, na kazi ya baba ilikuwa kukaa pale mlangoni, mkavu, kuhakikisha hakuna anayegusa.

Alhamisi moja nilikwenda kuchukua mahindi ghalani nikaona kaptura ya baba imetundikwa nyuma ya magunia. Ilikuwa inatiririka. Niliinusa, kwa maana mimi hunusa kila kitu, nikasikia harufu ya mpira. Alhamisi iliyofuata nilimwangalia akija: shati kavu, suruali kavu, lakini nywele zimelowa na macho mekundu. Ghalani, kaptura ile ile, mbichi. Mara ya tatu nilikaa njiani nikamwona anatokea upande wa daraja la miti, siyo upande wa mlango wa mfereji. Daraja lile lilikwenda mahali pamoja tu.

Nilipiga hesabu zangu za darasa la tano. Jumamosi mfereji ulionekana kupungua, na nilihakikisha kwa kijiti nilichokichomeka kwenye bustani ya sukuma wiki ya mama. Sikujua kwamba ni kiangazi na mto wenyewe umepungua. Nilijua tu kwamba baba anakwenda kwao Alhamisi, analowa huko, na Jumamosi mitumbwi yao inapita vizuri. Basi amekubaliana nao kisirisiri afunge mlango wetu ili maji yabaki mtoni. Aliyesimama mbele za watu akapigiwa makofi ndiye anayetuuza. Iliniuma sana. Nilianza kumjibu kwa mkato, na usiku kabla sijalala nilikuwa nikitafuta kwenye uso wake mahali uongo ulipojificha.

Siri ile ilinielemea, nikamwambia Wakesho, tuliyekaa naye dawati moja. Sikumwambia kama habari, nilimuuliza tu kama kuna sababu nzuri ya mtu kulowa siku ya Alhamisi. Wakesho alikuwa rafiki mwema, ila baba yake, Mzee Mwadime, alikuwa katibu wa kamati ya mfereji, na nyumbani kwao watu walikula pamoja na kuzungumza wakila.

Wiki hiyo hiyo Kwa Mipira wakaalika shule yetu. Nadhani meneja aliona dawa ya wazee ni kuanza na watoto. Mwalimu alitupeleka darasa zima Alhamisi asubuhi, siku ambayo hawakuwa na wageni. Mama alinionya nisile wala kunywa chochote huko, na inaelekea kila mama alisema hivyo, kwa sababu walipotuletea biskuti, watoto thelathini na kitu tulikunja mikono tukazitazama. Mwalimu peke yake ndiye aliyekula, na sisi tukamwangalia tuone itakuwaje.

Kijana aliyetuongoza aliitwa Mutua, Mkamba mwenye mabega mapana na sauti ya upole. Alitufunga majaketi ya kuelea, ya rangi ya chungwa, yanayobana kifua na kunuka ile harufu ya kaptura ya baba. Alitukalisha kwenye mtumbwi uliofungwa kamba, akatuvuta mbele na nyuma kwenye maji yaliyotulia. Wenzangu walisahau maonyo yote wakawa wanacheka. Mimi nilikuwa kazini. Nilitazama chini ya vibanda kama kuna mawe yaliyochimbwa, nikahesabu makoleo, nikapata mawili tu. Nilipopandishwa baiskeli nilizunguka uwanja mara moja, na niseme ukweli wangu, sijawahi kupanda kitu kilichonitii namna ile. Niliteremka haraka kabla sijaipenda.

Kisha Mutua akaniuliza ninatoka boma gani. Nilipomtajia baba, uso wake ulifunguka, akasema, kumbe wewe ni wa mzee wetu, mzee anajitahidi sana. Halafu akafunga mdomo kama aliyekumbuka kitu. Mzee wetu. Tulipoitwa kwenda nyumbani nilimwambia mwalimu naingia chooni, nikabaki huko nikichungulia kwenye ufa wa mabati hadi sauti za wenzangu zilipopotea ng'ambo ya daraja.

Sikungoja sana. Baba alitokea akiwa peke yake, akamsalimia Mutua kwa mikono yote miwili kama anayesalimia mkubwa wake. Alivua shati na suruali akazikunja vizuri juu ya jiwe, akabaki na ile kaptura. Nilisubiri waingie kwenye kibanda wapeane walichokuja kupeana. Badala yake Mutua alimfunga baba jaketi la rangi ya chungwa, wakashuka wote wawili mahali ambapo mto umetulia.

Maji yalipofika kifuani baba alisimama. Alikuwa anatetemeka hadi mimi niliona kutoka chooni. Mutua akaweka mikono chini ya tumbo lake, akasema taratibu, "Lala, mzee. Nimekushika. Miguu iache tu." Baba hakuiacha. Alijaribu mara nne au tano, na kila miguu ilipoachana na mchanga alimshika kijana yule shingoni, akakohoa maji. Mara ya mwisho alilala. Alielea juu ya mikono ya Mutua, kidevu juu, macho amefumba kwa nguvu, akipiga teke maji kwa miguu yake myembamba.

Nilicheka. Baadaye niliona haya kwa kucheka, lakini wakati ule furaha ilinizidi. Baba yangu hakuwa mwizi. Baba yangu alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini asiyejua kuogelea, na alijificha kwa sababu mgawa maji anayeogopa maji angechekwa hadi Taveta mjini. Nilirudi nyumbani nikikimbia, nikamchotea maji ya kuoga bila kuambiwa, na yeye akanitazama kwa mashaka yake.

Nilisahau kwamba maneno yangu yalikuwa yameshatoka. Jumamosi mchana kamati iliita wakulima wote kwenye banda la kupakilia ndizi. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande wa pili, na mama alikuwa mbele kabisa. Mzee Mwadime alisimama, na kwa haki yake, hakuonekana kufurahia. Alisema kuna maneno yanayotembea, na ni heri yasemwe mbele ya mwenyewe.

"Baba Mghanga, hatukushuku kwa chuki," alisema. "Tuelezee tu. Alhamisi maji yamefungwa, na wewe unarudi umelowa. Unalowa wapi?"

Baba alijibu kwamba ni mtoni. Akaulizwa anafanya nini mtoni. Akaulizwa tena, kwa heshima, na mzee mmoja, kisha bila heshima na sauti kutoka nyuma. Baba alimtazama mama, kisha akatazama chini, akasema hilo hawezi kulisema. Banda likanung'unika. Mzee Mwadime akashusha pumzi, akasema kama ni hivyo, ufunguo urudi kwa kamati. Baba aliuvua shingoni, ulikofungwa kwa kamba tangu kabla sijazaliwa, akauweka mezani. Nilimwona mama akishika mdomo.

Sikuweza kuvumilia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya wanawake, na nilijua kitu ambacho kingemwokoa. Mtoto hasemi kwenye mkutano wa wakubwa, lakini mimi ndiye niliyemtia humo.

"Anajifunza kuogelea," nilisema. "Nimemwona. Yule kijana wa Kwa Mipira anamshika tumbo."

Kicheko kilitikisa mabati. Watu walicheka hadi wakapigana mabega. Baba Mghanga, na mvi zake, anashikwa tumbo! Mzee Mwadime mwenyewe alicheka akifuta macho, na nadhani alicheka kwa kupona, kwa sababu hakutaka kumpokonya mtu ufunguo. Aliusukuma kurudi upande wa baba. Mama pia alikuwa akicheka, kitenge kimemfunika nusu ya uso. Mimi nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Mzee Mwadime ndiye aliyeongeza swali, kwa utani tu. Aliuliza vipi mtu akae na mto miaka yote, aje kuukumbuka uzeeni. Baba hakumjibu yeye. Alimgeukia mama.

"Ili siku nyingine nisisimame ukingoni," alisema.

Watu walitikisa vichwa wakikubali. Lilikuwa jibu zuri, la mtu mwenye busara anayejali watoto wa wote. Mkutano ukafungwa kwa maombi. Lakini mama alikuwa ameacha kucheka. Kitenge kilikuwa kimeshuka begani na hakukirudisha, na njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea mbele yetu, akatuacha nyuma.

Jioni alikaa jikoni akimenya ndizi. Baba aliingia akasimama mlangoni, na mimi nilikuwa pembeni nikichochea moto, na hakuna aliyekumbuka kunitoa nje.

"Hukuwa Mahoo," mama alisema.

"Sikuwa Mahoo."

Baba alieleza akiwa amesimama hapo hapo. Alikuwa mlangoni mwa mfereji siku ile na Mghanga, kabla ya kwenda Mahoo. Mtoto aliteleza. Baba alimnyooshea mpini wa jembe, mkono wake mdogo ukaukosa, ukaukosa tena. Aliingia hadi magotini, na zaidi ya hapo miguu ilikataa. Alikimbia ukingoni akifuata kile kichwa hadi kwenye matete, akakipoteza. Hapakuwa na mtu wa kuita. Na hapo, alisema, badala ya kuja nyumbani, alikwenda Mahoo. Hakujua ni kwa nini. Alikwenda kwa sababu asubuhi alikuwa amesema atakwenda.

Mama aliendelea kumenya.

"Na miche?"

"Niliinunua baadaye."

Nilielewa, kwa namna mtoto anavyoelewa, kwamba wiki zote hizo nilikuwa nimemshuku mtu sahihi kwa kosa lisilo lake. Uongo niliokuwa nikiutafuta usoni mwake ulikuwapo kweli. Nilikuwa nimeutoa mimi, hadharani, nikidhani namsaidia. Hadi leo sijui kama nilitenda vyema, na nimekuwa na umri wa kutosha wa kulijibu swali hilo.

"Alikuita?" mama aliuliza.

"Aliniita."

Mama aliweka kisu chini. Nilidhani atapiga kelele, au atatoka aende kwa ndugu zake Mraru. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliosha ndizi, akazitia sufuriani, akafunika, kisha akanionyesha kwa kidevu bila kumtazama baba.

"Ukirudi kwa hao watu, nenda na huyu. Afundishwe mpaka ajue."

Miaka yote iliyobaki ya ndoa yao sikumsikia akisema amesamehe. Lakini tulipokwenda alitufuata hadi mtoni, yeye ambaye hakuwa ameukaribia mto ule tangu Mghanga. Alikaa kwenye jiwe, amempa baba mgongo, uso ameuelekeza kwangu. Mutua alinishika tumbo, akaniachia, nikazama, nikaibuka nikikohoa. Kila kichwa changu kilipopotea chini ya maji, mama alisimama. Kilipotokea, akakaa.